Lufira: siku moja kwenye maji yenye kuzungusha usini

Kila mutu wa Lubumbashi anajua cheminée ya Gécamines. Urefu wake ni metre 153, na mutoto wa Katuba ao wa Ruashi anaiona tangu anaanza kutembea. Sasa weka cheminée mbili kama ile, moja juu ya ingine, halafu ongeza tena metre zaidi ya 30 pale juu. Njo urefu wa maporomoko ya Lofoi: maji inaanguka wazi zaidi ya metre 340, mu parke ya taifa ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970. Mosi-oa-Tunya, yenye iko kwa jirani zetu wa Zambia na yenye watu wanatoka ng'ambo kuiona, ina metre 108 kwa urefu. Ile inapita yetu kwa upana na kwa wingi wa maji, lakini kwa urefu, hapana.

Wangapi kati yetu, watu wa migodi, wameona Lofoi kwa macho? Wachache sana. Iko mbali, barabara ni ngumu, na kongé ya mufanyakazi ni fupi. Lakini maji ya Lofoi haiko yenyewe. Inashuka toka ku mulima na kuingia mu muto Lufira. Na Lufira ni muto wa kwetu kabisa. Unapita karibu na Likasi, unajaza ziwa Tshangalele, unazungusha turbini za Mwadingusha na za Koni, unapokea Lofoi, unaruka tena pale Kiubo, unaenda mpaka mu inchi ya maziwa ya Upemba. Mutu mwenye hawezi kufika Lofoi anaweza kuenda kusalimia muto wenyewe, asubuhi kuenda, mangaribi kurudi. Njo safari yenye tunaandika hapa.

Siku ya posho, saa kumi na moja ya asubuhi

Tulichagua siku ya posho. Wazee wanakumbuka jina hilo lilitoka wapi: ilikuwa siku ya kupokea unga, maharagi na samaki kwenye kambi za Union Minière. Leo posho hakuna tena, lakini jina limebakia, na kwa wengi wetu ni siku moja yenye mutu anaweza kupumua.

Tulikuwa watu 14 mu gari moja, jamaa tatu za Likasi: wafanyakazi wawili wa usini, muchimbaji mumoja wa mukono, mzee mumoja mwenye alishaacha kazi, wamama, na watoto wenye hawakulala usiku muzima juu ya furaha. Wamama walibeba bukari ndani ya termosi, matembele, Thomson ya kukaanga, na bidon mbili za munkoyo. Maji ya kunywa tulibeba litre 40. Hiyo si mingi, mutaona mbele.

Toka Likasi mpaka Mwadingusha ni kiasi ya kilometa 70. Mutu wa Lubumbashi anaongeza kilometa 120 za barabara ya lami mpaka Likasi, basi yeye inamupasa kulala Likasi kwanza. Ukiacha lami, vumbi nyekundu inaanza, na mashimo. Gari ndogo ya chini itakufa pale. Mu mvua, hata gari kubwa inaweza kulala mu matope. Sisi tulipita mwezi wa tano, mvua imeisha lakini mito iko bado imejaa, na majani yangali mabichi. Njo wakati wa muzuri zaidi.

Njiani utaona kitu kingine: mifuko ya makala, imepangwa kandokando ya barabara kama watu wanangojea bisi. Kila mufuko ni muti umekatwa. Kumbuka hiyo mifuko, tutairudilia.

Ziwa lenye lilizaliwa na usini

Tshangalele si ziwa la tangu zamani. Wakati Union Minière ilijenga baraji ya Mwadingusha, yenye ilimalizika mwaka 1930, maji ya Lufira ilirudi nyuma na kufunika bonde lote. Mashamba, njia, vichaka, vyote vilienda chini. Leo ziwa linapanuka mamia ya kilometa carré, lakini si la shimo sana: mu sehemu mingi mutu akisimama mu mutumbwi na pondo ya kawaida anagusa chini. Pembeni majani ya papyrus yanaota kama ukuta, na ndege wa maji ni wengi mpaka watoto waliacha kuhesabu.

Dunia ilitambua uzuri wa bonde hili. Mwaka 1982, UNESCO iliandika Lufira kati ya akiba za biosfere, pamoja na Yangambi na Luki, zenye ziliandikwa mwaka 1976. Akiba ya biosfere maana yake si kufukuza watu. Maana yake ni: pale watu na viumbe wanapaswa kuishi pamoja bila mumoja kumaliza mwingine.

Tulifika pembeni ya maji saa tatu. Wavuvi walikuwa wanarudi. Muchimbaji wetu, mwenye siku zote anashuka mu shimo na torshi ku kichwa, alisimama akiangalia maji pasipo kusema kitu. Kisha akasema paka hivi: "Hapa hakuna mutu anapiga kelele." Watoto walitaka kuingia kuogelea. Tulikataa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mamba na viboko: mutu asikaribie maji mbele ya kuuliza wavuvi. Ya pili, maji yenye imesimama mu majani inaweza kuwa na bilharzia, yenye inaingia mu mwili kwa ngozi. Mutoto anaweza kurudi nyumbani na furaha, na kisha ya wiki kazaa anaanza kukojoa damu. Kuangalia inatosha.

Pale maji inaanguka

Toka ziwa mpaka maporomoko si mbali. Wazungu waliyaita jina la Cornet, juu ya Jules Cornet, mujuzi wa mawe wa Ubelgiji mwenye alipita Katanga mu mwaka 1892 na kuandika mahali shaba iko. Ni ajabu kidogo: mutu wa mawe, jina lake likatiwa ku maji. Lakini ukifikiri vizuri, haiko ajabu. Bila maji ile, mawe yake ingebakia mu udongo. Shaba inataka moto, na moto mukubwa wa usini unataka kuran.

Mzee wetu alifanya kazi miaka mingi ku usini, poste ya usiku. Hakufika hapa hata siku moja. Alishika mukono wa mujukuu wake, akamuonyesha mabomba makubwa yenye kushuka mu mulima.

— Unaona? Maji inaingia mule juu, inashuka na nguvu, chini inapiga gurudumu. Gurudumu ikizunguka, kuran inatoka.

— Nkambo, kuran ya kwetu?

— Ya usini.

— Na ya kwetu nyumbani?

Mzee alicheka kidogo, hakujibu mara moja. Mama ya mutoto alijibu: "Ya kwetu iko mu njia, itafika." Watu wote wakacheka, kwa sababu mu mutaa wao délestage ilikuwa imekamata siku tatu.

Basi tueleze vizuri, maana swali la mutoto ni la kweli. Litre 1 000 za maji, ni kusema metre cube moja, zikianguka metre 100 mu segonde moja, na zikifanya vile kila segonde bila kuacha, zinatoa karibu megawati 1. Hesabu hii ni ileile ku Mwadingusha, ku Inga, popote. Vitu viwili tu: urefu wa kuanguka, na wingi wa maji. Urefu haubadilike. Maji inabadilika. Mu mvua ziwa linajaa. Mu kiangazi linashuka, na turbini hazina tena chakula cha kutosha. Njo sababu moja ya délestage.

Ile kuran ya Mwadingusha ina historia ndefu. Kisha miaka mingi turbini zilichoka. Kampuni ya Kamoa-Kakula, pamoja na SNEL, ilizitengeneza upya zote sita, na mwaka 2021 kituo kilirudi na nguvu ya megawati 78. Chini yake kuko Koni, ya mwaka 1950. Upande wa Kolwezi, ku muto Lualaba, kuko Nzilo ya 1952 na Nseke ya 1956. Zote ine zilijengwa juu ya migodi kwanza. Nyumba za watu zilikuja nyuma, na mutu anaweza kuona hivyo mpaka leo: nguzo kubwa zinapita juu ya vijiji vyenye vinawasha koroboi.

Na maporomoko yenyewe je? Ujue hivi mbele ya kufika: sehemu kubwa ya maji imeshikwa na mabomba. Mu kiangazi utaona jiwe nyingi na maji kidogo. Kisha mvua, wakati baraji inaachilia, njo utaona Lufira vile ilikuwa mbele ya 1930: muvuke mweupe, mungurumo wenye unasikia mu kifua, na upinde wa mvua chini. Sisi tulikuwa na bahati. Watoto walilowa nguo, na hakuna mutu aliwakaripia.

Samaki ya Mama pembeni ya maji

Saa nane tulirudi ku ziwa kununua samaki ya kubeba. Mama mumoja alikuwa na tilapia mu beseni.

— Mama, samaki hii ni ya leo?

— Ya leo, tata. Angalia macho yake. Macho ya samaki haidanganyake.

— Na maji je? Tunasikia maji ya ku Likasi inashuka mpaka hapa.

Yule mama alituangalia. Mu gari yetu kulikuwa koti mbili za kazi, zenye maandiko ya usini.

— Mimi nitasema nini, tata? Batoto yangu banakula hii. Nyinyi bantu ya usini njo munajua vyenye munatia mu maji. Mutuambie.

Hakuna mutu kati yetu alikuwa na jibu la haraka. Lakini jibu kwa sehemu liko limeandikwa. Toka miaka mingi, maji yenye inapita mu usini na mu mabaki ya migodi ya Likasi inashuka mu mito midogo, inafika mu Lufira, na Lufira inaileta mu ziwa. Pale muto unapunguza mwendo. Udongo wenye ulibebwa unalala chini, na shaba na kobalti inalala pamoja nao. Watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji wamepima mambo haya. Mwaka 2009 walitangaza kama watu wa Katanga wenye wanaishi karibu na migodi na usini wana kobalti mingi sana mu mukojo, na watoto zaidi ya wakubwa. Kisha wakapima vilevile maji, mboga na samaki wa upande wa Tshangalele, na metali ilipatikana.

Hatusemi mutu asikule tena samaki. Wavuvi wa Tshangalele wanaishi kwa ziwa, na Likasi inakula kwao. Tunasema jambo lingine: maji yenye kuzungusha turbini ni ileile yenye kubeba uchafu wa usini, na ni ileile yenye inarudi ku meza yetu mu sahani. Mufanyakazi mwenye anafungua bomba la maji chafu usiku, pasipo mutu kuona, anaweza kukuta maji ile mu sahani ya mutoto wake siku ya mungu.

Sheria inatoa mulango. Kodi ya migodi, vile ilibadilishwa mwaka 2018, inaomba kila kampuni itoe 0,3 % ya biashara yake juu ya maendeleo ya wakaaji wa karibu, na itie sahihi ku cahier des charges pamoja nao. Vilevile 15 % ya redevance ya migodi inaenda kwa mamlaka za chini, ni kusema commune, secteur na chefferie. Mara mingi, tukisikia cahier des charges, tunafikiri paka masomo, kituo cha afya na forage. Vyote ni vizuri. Lakini wavuvi na wafanyakazi wanaweza kuomba pamoja kitu cha bei kidogo: maji na samaki vipimwe kila mwaka, na matokeo yatangazwe mu Kiswahili, pale soko iko.

Makala na udongo

Sasa turudilie ile mifuko ya makala. Miti ya miombo inashika udongo ku milima. Ikikatwa, mvua ya kwanza inabeba udongo mpaka mu ziwa. Ziwa lenye si la shimo linaanza kujaa matope. Matope inachukua nafasi ya maji. Maji ikipunguka, turbini zinapunguza mwendo. Kuran ikipunguka, mama mu muji ananunua makala zaidi. Hivi délestage inakata muti, na muti wenye umekatwa unaleta délestage. Kuchunga pori si kazi ya wageni wenye wanapenda nyama ya pori kwa picha. Ni kuchunga kuran yetu.

Njo maana parke inatuhusu. Juu ya uwanda wa Kundelungu, majani na pori ndogo zinakunywa mvua polepole na kuiachilia polepole. Pale njo vijito kama Lofoi vinatoka. Walinzi wa ICCN wanafanya kazi ile na vitu kidogo, na wamoja walipoteza maisha. Kuchimba mu parke kunakatazwa na sheria. Wachimbaji wa mukono wanauliza: kama eneo zetu hakuna, tutachimba wapi? Swali lile ni la haki, na serikali inapaswa kulijibu kwa kufungua maeneo ya kuchimba. Jibu haliwezi kuwa chemchemi ya muto.

Muto unaendelea

Sisi tulirudi, lakini Lufira hairudi. Inapokea Lofoi, inaanguka Kiubo, inapita karibu na parke ya Upemba, ya mwaka 1939, yenye inachunga punda milia wa mwisho wa inchi yetu. Mwisho inakutana na Lualaba mu ziwa Kisale. Pale, kijijini Sanga, mu miaka 1957 na 1958 wajuzi wa mambo ya kale walifunua makaburi mingi sana, mengine ya zaidi ya miaka 1 000. Wafu walizikwa na vyungu vizuri, na vitu vya chuma na shaba. Mu makaburi ya nyuma walikuta misalaba midogo ya shaba. Shaba haitoki Kisale. Ilitoka huku kwetu, ku milima ya mawe ya kijani. Mbele ya Cornet, mbele ya kampuni yoyote, kulikuwa watu wa mugodi na watu wa ziwa, na kati yao kulikuwa biashara. Wote walijua kama wanahitajiana.

Kama unataka kuenda

Chagua mwezi wa ine mpaka wa sita. Toka Likasi saa kumi na moja ya asubuhi, urudi mbele ya giza. Mukusanye pesa jamaa kazaa mu gari moja yenye nguvu, na gurudumu ya pili ya akiba. Bebeni maji litre tatu kwa kila mutu: njiani hakuna ya kununua. Ukifika, jionyeshe kwanza kwa chef wa kijiji, kisha kwa walinzi wa kituo. Mu eneo la baraji na turbini haiingiwake bila ruhusa, na picha pale usipige mbele ya kuomba. Samaki, mboga, mayai, nunua kwa wakaaji wa pale. Njo faida yao. Takataka yote rudisha nayo mu gari.

Juu ya Lofoi, panga siku tatu, si moja. Hapo unapaswa kupita ku ofisi ya ICCN, kulipa kiingilio na kupata mulinzi wa kukuongoza. Na usingoje mwisho wa kiangazi, kwa sababu maji inakuwa kamba nyembamba tu.

Watoto walilala mu gari mbele ya kufika ku lami. Yule muchimbaji alikuwa anahesabu mu vidole, polepole: gari, mafuta, chakula, ugawanye na jamaa tatu. Akamaliza akasema inaweza kufanyika tena mwaka wenye unakuja, hata na jamaa ine.